Mwaka Niliokaza Skrubu ya Ghati

Ghati tulimzika mwezi uliopita kule Nyanungu, na nitasema kweli kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa: nilimwonea wivu hata akiwa ndani ya sanduku. Mafundi walikuja kutoka Tarime mjini, kutoka Sirari, wengine kutoka Mugumu, wanaume wazima wenye oili kwenye kucha, wakalia kama ndama walioachishwa ziwa. Mmoja alisimama akasema bila mama huyu asingejua kusikiliza injini. Wa pili akasimama akasema hayohayo. Mimi nimekaa kwenye mkeka, wajukuu wangu kumi na mmoja wamenizunguka, mmoja muuguzi, mmoja yuko chuo, wote mizizi yao ni tumbo hili hili, na Ghati hakuzaa hata mmoja. Lakini nikajiuliza, siku yangu nani atalia hivi? Yule muuguzi akaniangalia. "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. "Basi mbona umekunja mdomo? Unamkumbuka Bibi Ghati?" Nikasema ndiyo, namkumbuka, na tukifika nyumbani nitafutie daftari. Shule niliishia darasa la tatu na herufi zangu zinalala chali, ila ninachojua hakuna aliyesoma anayekijua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoolewa Nyanungu kutoka kwetu Kerende, na aliyenioa alikuwa mwanamke. Asiye wa kwetu asishangae. Sisi Wakurya, mama aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe zake akaoa binti, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na jina la mumewe lisizimike. Tunaiita nyumba ntobhu. Aliyenioa mimi alikuwa mjane, Mama Nyangige, mwembamba, mvuta ugoro, na alikuwa ameshamwoa Ghati miaka mitatu kabla yangu. Ghati hakuwa ameshika mimba. Kwa hiyo mimi niliitwa kuja kuziba pengo, na nilijua hivyo, na niliingia mle ndani na kifua mbele kama jogoo mgeni.

Nyumba zilikuwa mbili zinatazamana, na katikati kibanda cha bati ambacho zamani kilikuwa cha marehemu mume wa Mama. Nilidhani nitakuta humo mikuki na kigoda. Nilikuta meza, gunia juu ya meza, na juu ya gunia chensoo, msumeno wa injini, umefutwa unang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Marehemu alikuwa amefanya kazi kwa wapasua mbao, akaacha mashine hiyo badala ya mtoto. Mama aliitunza. Kila asubuhi alikuja Marwa, mkataji, mwanaume mwenye mabega ya fahali, akaichukua kwenda kupasua mikaratusi ya watu. Kila jioni sharti airudishe. Mama hakukubali ilale kwa mkataji hata siku moja. Alikuwa anasema mkataji na mashine ni kama kijana na ng'ombe wa baba yake, atampiga mbio mpaka afe halafu aseme alikuwa mgonjwa. Ikirudi, kazi ilikuwa ya Ghati. Alifungua kifuniko, akapuliza unga wa mbao, akaosha chujio la hewa kwa petroli na kulianika, akanoa meno ya mnyororo kwa tupa, jino moja moja, huku amelaza shingo upande. Kisha alichanganya petroli na oili kwenye chupa ya soda, akipima oili kwa kifuniko cha chupa, akitikisa kama anayetikisa maziwa. Mwisho alivuta kamba, ikawaka, akachukua bisibisi ndogo akawa anachezesha skrubu za kabureta, robo huku, nusu ya robo kule, na uso wake unakuwa kama wa mtu anayesikiliza mtoto anapumua.

Mama alikuwa anakaa mlangoni na bakuli lake la uji anasikiliza, kama wenzake walivyosikiliza redio. "Bado, Ghati." "Nasikia, Mama." "Hapo." "Hapo." Wanaelewana hivyo, maneno mawili matatu, na mimi niko kwenye mafiga nakoroga ugali wa mtama na muhogo, moshi wote wangu, na hakuna aliyeniambia hapo. Siku ya kuku ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Firigisi ni ya mume wa nyumba, kila mtoto wa Kikurya anajua. Pale kwetu mume hakuwepo. Mama aliitoa kwenye mchuzi kwa vidole vyake akaiweka kwenye sahani ya Ghati. Kila mara. Mimi nikapewa shingo. Mpaka leo shingo ya kuku sili, na wajukuu wanadhani ni meno.

Baada ya miezi michache nikashika mimba. Mwanaume alichaguliwa na Mama na sitamtaja, kwa sababu kwa desturi yetu mtoto hakuwa wake. Nikasema sasa, leo ndiyo leo, tumbo hili ni fimbo yangu. Nikaanza kutembea nimeshika kiuno kabla tumbo halijaonekana. Mama alifurahi, sikatai, alinichinjia. Akachukua firigisi. Akaiweka kwenye sahani ya Ghati. Jioni ileile dada yake Mama, Bhoke, aliyekuwa amekuja kukaa kwetu kwa wiki, alikuwa anazungumza naye nyuma ya nyumba, na mimi ndani nachambua maharage. Ukuta wa udongo una nyufa. "Huyu mpya vipi?" Mama akasema, "Ana mikono ya kulima. Na tumbo zuri." "Basi si heri?" "Heri. Ila Ghati ana sikio. Mashine nitamwachia Ghati, na nyumba kubwa atakaa Ghati. Huyu mwingine ana mdomo." Wakacheka, yale macheko ya wazee yanayoishia kwenye kikohozi. Nikaangalia maharage yangu. Nilikuwa nimeyachanganya mazima na mabovu tena.

Tangu siku hiyo nikawa natega sikio na mimi. Nilisema sikio si ng'ombe, hakuna aliyemlipia Ghati sikio lake. Nikagundua jambo, au nilidhani nimegundua. Ghati alikuwa anaiacha mashine haijanyooka. Akibana kifyatuo cha mafuta mpaka mwisho, mashine iko hewani haijagusa mti, ililia kwa kubabaika, brrr-ba-ba-brrr, kama mtu mwenye kohozi. Mimi nilikuwa nimesikia mashine za watu wengine kule Kerende zikilia kwa sauti moja nyembamba, kali, tamu, mpaka mbwa wanakaa chini. Nikasema kumbe! Huyu sikio analosifiwa ni la bure. Mbona hata mimi nasikia kwamba inakohoa?

Siku yenyewe Ghati alikuwa ameondoka mapema kwenda Tarime mjini kununua plagi mpya. Alikuwa ameshaiweka mashine tayari, maana Marwa alikuwa na kazi kubwa, mbao za paa la shule. Marwa alipoiwasha akatikisa kichwa. "Leo inaongea kama babu yangu wa kifua. Ghati yuko wapi?" Nikafuta mikono kwenye kanga. "Lete." "Wewe, shemeji?" "Lete, umesikia? Kwani bisibisi ina jina la mtu?" Akacheka, akaishika mashine chini kwa mguu. Nikaingiza bisibisi kwenye skrubu niliyozoea kumwona Ghati akiigusa, nikakaza kidogo. Ikapunguza kohozi. Nikakaza tena. Kohozi likaisha. Nikakaza mara ya tatu, na hapo ikaimba. Ndugu zangu, iliimba. Sauti moja imenyooka mpaka mlimani. Mama akatoka na bakuli mkononi. "Nani ameifanya ilie hivyo? Ghati amerudi?" "Ni mimi, Mama." Akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Bhoke akapiga kigelegele. Mchana ule kulikuwa na kuku wa kumuaga Bhoke, aliyekuwa aondoke kesho yake, na Mama akaingiza vidole kwenye mchuzi na firigisi ikatua kwenye sahani yangu. Niliitafuna taratibu. Sijawahi kula kitu kitamu vile, na nimekula pilau za harusi nyingi.

Jua lilikuwa halijaanza kushuka Marwa akarudi. Aliibeba mashine begani. Akailaza kwenye gunia, akavuta kamba tuone. Kamba haikuja. Ilikuwa kama amevuta mzizi wa mti. "Imenoki," akasema. "Iliimba, iliimba, mti wa tatu ikanyamaza." Mama aliweka bakuli chini. "Mura, kijana wewe, umefanya nini?" "Sijafanya kitu, Mama. Nimekata kama siku zote." Wote wakanigeukia. Na mimi, tumbo mbele, nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanawaka. Nikasema, "Mafuta alichanganya Ghati. Nilimwona asubuhi. Hakuweka oili."

Ujue nilichokuwa nasema. Mashine ile haina oili yake ndani, oili inaingia na petroli. Ukiisahau unaua injini. Na Ghati alikuwa mke asiye na mtoto mwaka wa nne. Kama ameua na mashine, hakuna kilichobaki cha kumweka pale. Angerudishwa kwao, na ng'ombe warudi, na ng'ombe hao kaka yake alikuwa ameshaoa nao. Nilikuwa navunja nyumba mbili kwa sentensi tatu. Nilijua. Siwezi kusema nilikuwa mtoto. Nilijua, na moyo wangu ulikuwa unachezacheza kwa furaha.

Ghati alifika na plagi yake kwenye karatasi ya kaki, jasho shingoni. "Shikamoo Mama." Mama hakuitikia. "Ghati, oili uliweka?" "Niliweka." "Mwenzako anasema hukuweka." Hakuniangalia. Alikwenda mezani, akafungua plagi ya zamani, akaitazama kwenye mwanga. Siku zote plagi ile ilitoka na rangi ya ganda la karanga. Siku ile ilikuwa nyeupe, kama jivu. Akaweka kidole kwenye skrubu, akaingiza bisibisi, akahesabu kimya mizunguko ya kuifungua. Kisha akachana karatasi ya kaki vipande viwili. Kimoja akakidondoshea mafuta kutoka kwenye tangi la mashine. Kingine akakidondoshea petroli tupu kutoka kwenye dumu. Akavilaza juani, jiwe juu ya kila kimoja. "Tungoje," akasema. Tukangoja, Mama, Bhoke, Marwa, mimi. Kuku wanapita. Petroli tupu ilikauka ikaondoka kabisa, karatasi safi kama haijaguswa. Kile kipande kingine kilibaki na duara, linang'aa, la oili. Ghati akakiokota akampa Mama mkononi. Marwa ndiye aliyesema, "Eeh."

"Na kilichoiua?" Mama akauliza. Ghati akaeleza kwa sauti ileile ya kawaida, kama anaeleza bei ya chumvi. Kwamba ukiikaza ile skrubu unainyima mafuta, na ukiinyima mafuta umeinyima na oili, kwa sababu vinakuja pamoja. Kwamba mashine yenye njaa ndiyo inayoimba vizuri. Ndiyo maana yeye aliiacha ibabaike ikiwa hewani. Ikishauma mti inanyooka yenyewe. "Ikiimba kabla ya kazi, Mama, inakufa." Nikatamani ardhi inimeze, lakini si kwa aibu peke yake. Hata pale, nimeshikwa uongo mbele ya watu, kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anajua vizuri hivyo.

Mama alivuta ugoro, akapiga chafya, akafuta pua. Kisha akatoa hukumu bila kupandisha sauti. "Huyu atazaa. Ng'ombe walitoka kwa ajili ya mtoto, mtoto atabaki hapa. Mtoto akishaacha kunyonya usiku, huyu arudi kwao Kerende na mdomo wake. Mtoto atalelewa na Ghati." Bhoke akasema, "Dada." Mama akasema, "Nimemaliza."

Sasa hebu fikiria miezi iliyofuata. Tumbo linakua, na kila likikua namkuzia Ghati. Nikikaa kula, namlisha mtoto wa Ghati. Akicheza ubavuni naweka mkono haraka, nimshike kabla yule mwingine hajajua. Na Ghati muda wote yuko kibandani. Alikuwa ameifungua injini yote, vipande amevipanga kwenye ungo kwa mfuatano wa kuvitoa, na Mama akaamuru mimi ndiye nishike ungo ule, nisiangushe hata nati moja. Pistoni ilikuwa imechubuka ubavuni, mistari kama ya kucha za paka. Mistari yangu. Aliisugua kwa msasa laini siku baada ya siku, akitumia mate, akatafuta pete kutoka mashine iliyokufa ya watu wengine, akaijaribu, akaikataa, akatafuta nyingine. Marwa alikosa kazi msimu mzima na alipita pale makusudi. "Mwalimu wa kwaya, hujambo? Leo mnaimba wimbo gani?" Nikanyamaza. Mimi! Ghati hakucheka, na kwa hilo pia nilimchukia. Heri angecheka.

Mara nyingine alikuwa anaongea peke yake akisugua, midomo inatembea, neno moja linarudi na kurudi. Nilidhani anahesabu.

Ikafika siku mashine imefungwa yote. Nilikuwa nimebakiza wiki chache. Mama akaja na bakuli lake akakaa mlangoni. "Haya, vuta tusikie." Ghati akakunja mikono. "Sitaiwasha." "Haijawa tayari?" "Iko tayari. Lakini Robhi akienda, mimi siigusi tena." Nilisikia jina langu nikadhani kuna Robhi mwingine. Mama akasema, "Unanitisha kwa mashine yangu?" "Sikutishi, Mama. Nakuambia tu." "Huyu alitaka kukufukuzisha wewe!" "Najua. Nilikuwepo." "Na mtoto unampata bure, mikononi, mjinga wewe, hujui kuna wanaolilia bahati hiyo?" Ghati akafunga macho kidogo. "Najua, Mama." Uji ukatengeneza ngozi juu. Mwishowe Mama akanigeukia na macho yake makavu. "Utakaa. Ila nikuone na bisibisi." Ghati akavuta kamba. Ilibabaika vizuri, brrr-ba-ba-brrr, kohozi lake lilelile.

Nilimfuata kisimani kesho yake. Sikuwa nimezoea kushukuru, maneno yalinikaa mdomoni kama mfupa wa samaki. "Ghati, asante." Akaendelea kujaza ndoo. "Usinishukuru. Nilishampa jina." "Nani?" "Huyo." Akanyoosha kidole kwenye tumbo langu bila kuligusa. "Nilikuwa nasugua pistoni nalitaja. Siku moja nikajikuta naomba wewe uzae upesi uondoke. Nikajiogopa." Hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote niliokuwa namtazama kwenye ufa wa ukuta, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Sikufurahi. Nilikuwa nimezoea kudhani wivu ni wangu peke yangu. Nikamwuliza jina gani. Akasema, "Nyamhanga. Jina la baba yake yule marehemu mwenye mashine. Nyumba hii haijawahi kupata mtoto wa kumpa." Mimi nilikuwa nimechagua jina la baba yangu mzazi. Nikalilinganisha na lake, pale pale, na ndoo kichwani, na lake lilikuwa zuri kuliko langu, na hilo nalo likaniuma.

Alizaliwa mwanaume, asubuhi, analia kwa nguvu. Mama aliingia akainama juu yetu, ugoro unanuka. "Ataitwa nani?" Nikasema, "Nyamhanga." Sijawahi kumwona mzee yule akilia kabla wala baada ya siku hiyo. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Alipofunua uso akanishika mkono, mara ya kwanza tangu anioe, akasema, "Binti yangu. Nani amelifikiria jina hili?"

Mdomo wangu ulishafunguka. Neno lilikuwa tayari, fupi tu, na angeliamini, na nyumba kubwa ingekuwa yangu, na firigisi zote mpaka kufa kwake. Nyuma yake, mlangoni, Ghati alikuwa amesimama na maji ya moto, anangoja kama mtu asiyengoja kitu. Alikuwa ananisikiliza, shingo upande.

"Ghati," nikasema. "Ni Ghati." Lilinitoka kama jino.

Mama akainuka akamchukua mtoto kifuani kwangu, akaenda naye mlangoni, akamweka mikononi mwa Ghati kabla hata mimi sijamnyonyesha. Nikalala pale nikiwaangalia wote watatu kwenye ule mwanga, wivu umenipanda mpaka kooni. Lakini hakuna aliyeniambia nifunge mizigo.